Mafunzo ya Vitendo katika Upishi na Kazi za Hoteli: Faida Yake kwa Wananchi wa Pemba

Utalii ni miongoni mwa nguzo kubwa za uchumi wa Zanzibar. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 538,000, na baada ya kupungua kutokana na maradhi ya korona, idadi hiyo ilipanda tena na kupindukia 638,000 mwaka 2023. Wengi kati ya wageni hao huishia Unguja. Hata hivyo, idadi ya wanaovuka kuja Pemba inaendelea kukua, na viwanja vya fukwe zetu vinaendelea kutafutwa na wawekezaji.

Swali ambalo wananchi wengi, hasa wazazi na vijana waliomaliza skuli, wamekuwa wakijiuliza ni hili: hoteli inapojengwa katika shehia yetu, ni nani atakayepata kazi, na itakuwa kazi ya aina gani? Makala hii inakusudia kulijibu swali hilo kwa kueleza maana ya mafunzo ya vitendo, namna yanavyofanyika, faida zake, na mambo ambayo mzazi, kijana na mwenye hoteli wanapaswa kuyazingatia. Jawabu kwa ufupi ni kwamba kuwa jirani wa hoteli hakutoshi kumpatia mtu kazi yenye maslahi. Kinachompatia kazi hiyo ni mkono uliofunzwa.

CHIMBUKO LA JAMBO HILI

Kwa zaidi ya karne moja uchumi wa Pemba umesimama juu ya mkarafuu. Katika miaka ya 1980 bei ya karafuu katika soko la dunia iliporomoka baada ya Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar, kuanza kujitosheleza kwa zao lake yenyewe. Wananchi wenye umri mkubwa wanaikumbuka vyema hali hiyo. Ndipo milango ilipofunguliwa kwa wawekezaji kwa Sheria ya Kulinda Vitega Uchumi ya mwaka 1986, na baadaye ikaundwa Kamisheni ya Utalii mwaka 1992.

Hapa Pemba, hoteli za mwanzo kujulikana na wengi ni zile tatu za Serikali zilizojengwa Chake Chake, Wete na Mkoani. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 zilifuata hoteli za watu binafsi za ufukweni, kama vile Fundu Lagoon ya Wambaa, na ile ya Kigomasha ambayo sasa inajulikana kwa jina la The Manta Resort. Hii ya Kigomasha ilianza mwaka 2013 kulaza wageni katika chumba kilichozama chini ya maji ya bahari. Hoteli za namna hii si kubwa kwa idadi ya vyumba, lakini mgeni hulipa fedha nyingi kwa usiku mmoja. Mgeni wa aina hiyo hutarajia kitanda kilichonyooka, samaki asiyepita wakati wake, na jawabu sahihi kwa kila analouliza.

Mwenye hoteli asiyempata mpishi wa kiwango hicho kisiwani humchukua Unguja, Tanzania Bara, Kenya au mbali zaidi. Si vibaya watu kufuata kazi popote ilipo, kwani Wapemba nao wameenea Unguja, Tanga, Mombasa hadi Ghuba kwa kutafuta riziki. Lakini iwapo kijana wa Makangale au wa Wambaa atabakiwa na ulinzi wa lango, kufagia ufukwe na kubeba mizigo tu, basi sehemu kubwa ya fedha inayoingia kisiwani itakuwa inatoka kwa mlango ule ule ilioingilia, na shehia itabaki na kelele za jenereta.

MAANA YA MAFUNZO YA VITENDO

Mafunzo ya vitendo ni yale ambayo mwanafunzi hujifunza kazi kwa kuifanya, katika mahali pa kazi halisi au palipofanana napo, chini ya mtu anayeijua. Darasa lina nafasi yake, kwani humo ndimo yanamofundishwa hesabu za vipimo, lugha na sababu za kila hatua. Lakini mtu aliyesoma kurasa mia moja juu ya kupara na kupasua samaki bado hajui kupasua samaki.

Jambo hili si geni kwetu. Fundi wa majahazi, seremala wa milango, mshoni wa kanzu na mpishi wa pilau ya harusi, wote walijifunza kwa kukaa mbele ya fundi. Kijana anayemfuata mpishi wa harusi huanza kwa kuosha masufuria na kuchagua mchele. Baada ya hapo hukata vitunguu, kisha huachiwa kuchunga moto, na mwisho ndipo anapoaminiwa kutia maji ya wali wa watu mia tatu. Hakuna aliyemwandikia lini sufuria lifunikwe na makaa yawekwe juu. Ameijua sauti na harufu yake.

Kinachoongezwa na hoteli juu ya utaratibu huo wa jadi ni kipimo na kumbukumbu. Mchuzi wa pweza uliomfurahisha mgeni wa Jumatatu hauna budi uwe ule ule kwa mgeni wa Ijumaa, hata kama mpishi wa zamu amebadilika. Kwa hivyo kila chakula huandikiwa kipimo chake, na kila kazi huandikiwa hatua zake. Mafunzo yaliyopangwa vizuri hupita katika daraja nne:

(a) Mwanafunzi huona kazi ikifanywa na fundi, hatua kwa hatua, huku akielezwa sababu.

(b) Huifanya yeye mwenyewe akiwa anaangaliwa na kusahihishwa papo hapo.

(c) Huifanya katika zamu halisi, mgeni halisi akiwa anasubiri.

(d) Hupimwa na mtu asiyekuwa mwalimu wake, na matokeo yake huandikwa.

Daraja ya tatu ndiyo inayokosekana mara nyingi. Kijana huhitimu akiwa na cheti, lakini hajawahi kupokea maagizo ya meza sita kwa wakati mmoja. Siku anayoajiriwa ndiyo siku yake ya kwanza ya kujifunza, na mwajiri huona kuwa amenunua karatasi.

MAMBO YANAYOFUNZWA JIKONI

Jikoni ndipo mafunzo ya vitendo yanapoonekana faida yake kwa uwazi zaidi. Yapo mambo matatu makubwa.

La kwanza ni usalama wa chakula. Kanuni za Shirika la Afya Duniani zinaelekeza kuwa chakula kipikwe hadi moto ufike nyuzi 70 katikati yake, chakula cha moto kihifadhiwe katika nyuzi 60 na zaidi, na cha baridi kiwe chini ya nyuzi 5. Chakula kilichopikwa kisiachwe mezani zaidi ya saa mbili. Baina ya nyuzi 5 na 60 vijidudu huzaana kwa kasi, na hali ya hewa ya Pemba imo ndani ya kiwango hicho mwaka mzima.

Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba moto huondoa kila dhara. Si hivyo. Wali uliolala nje ya jokofu unaweza kuwa na sumu ambayo haiondoki kwa kupashwa moto. Jodari na vibua, wasipowekwa barafu tangu wanapotoka majini, hujenga sumu isiyoondoka kwa kuchemsha wala kukaanga. Msiba uliotokea Kisiwa Panza mwezi wa Machi 2024, ambapo watu tisa, wanane kati yao wakiwa watoto, walifariki dunia baada ya kula nyama ya kasa, ulitukumbusha sote kwamba zipo sumu ambazo upishi hauziwezi. Mpishi aliyefunzwa hutumia kipimajoto, huandika saa ya kupokea samaki, hutenganisha ubao wa nyama mbichi na ubao wa saladi, na humuuliza mgeni kama kipo chakula kinachomdhuru mwili. Elimu hiyo huondoka naye hotelini na kuingia nyumbani kwake.

La pili ni kutopoteza. Tuchukue mfano wa kufikirika. Hoteli imenunua jodari wa kilo 20. Mpasuaji aliyezoea kisu anatoa kilo 12 za minofu safi, na asiyezoea anatoa kilo 10, nyama iliyobaki ikiganda kwenye mifupa. Tofauti ni kilo 2 kwa siku, sawa na kilo 60 kwa mwezi. Thamani ya samaki hao yaweza kuwa kubwa kuliko mshahara wa mpasuaji mwenyewe. Hapo ndipo mwenye hoteli anapoelewa kuwa kumfunza mfanyakazi si sadaka, bali ni hesabu ya biashara.

La tatu ni kupanga wakati. Mwanafunzi hufunzwa kuandaa kila kitu kabla ya saa ya kula kufika: nazi imekwisha kukunwa, tui zito limetengwa na tui jepesi, viungo vimepimwa, vyombo vimepangwa mahali pake. Ujuzi huu hauelezeki ubaoni. Hupatikana kwa kuzidiwa mara ya kwanza, kuelekezwa, na kutozidiwa mara ya pili.

VYUMBANI, MEZANI NA MAPOKEZI

Kazi nyengine za hoteli nazo zina ustadi wake. Mtunza vyumba hujifunza mpangilio wa kusafisha, kuanzia juu kwenda chini na kuanzia ndani kuelekea mlangoni, namna ya kutandika kitanda bila kuumiza mgongo, na dawa zipi za kusafishia hazichanganywi. Mhudumu wa meza hujifunza kupokea maagizo, kuyarudia na kuyafikisha bila kosa. Wa mapokezi hujifunza lugha, simu, hesabu na subira.

Ukarimu tunao. Mgeni afikapo nyumbani Pemba hupewa kiti na maji kabla ya kuulizwa haja yake, na hilo ni mtaji mkubwa. Hata hivyo ukarimu wa nyumbani na ule wa hoteli hutofautiana katika jambo moja: nyumbani mwenyeji huchagua namna ya kumkirimu mgeni, na hotelini mgeni ndiye anayechagua. Kijana aliyelelewa vizuri ameshabeba nusu ya kazi hii. Nusu iliyobaki ndiyo anayopaswa kufunzwa.

VYAKULA VYETU KAMA BIASHARA

Wapo wanaodhani kuwa upishi wa hoteli ni upishi wa Kizungu pekee. Dhana hiyo imeanza kupitwa na wakati. Mgeni aliyesafiri saa nyingi hadi Kigomasha hakuja kula alivyoviacha kwao. Pweza wa nazi, samaki wa kupaka, mkate wa ufuta, mkate wa kumimina, shelisheli la kuchoma, maji ya bungo na halua ya Wete ni vyakula ambavyo mpishi wa Pemba anavijua kuliko mpishi yeyote wa kuletwa. Kinachohitajika ni kuvipima, kuviandika, kuvitayarisha kwa usafi wa kiwango kimoja, na kuweza kumweleza mgeni kilichomo ndani yake.

Faida ya jambo hili hupita ukuta wa hoteli. Mpishi mzaliwa wa Pemba hujua msimu wa bungo na wa shokishoki, na humjua mama anayechokoa pweza na mkulima mwenye mboga. Anapopanga chakula cha wiki, hupanga kwa vinavyopatikana kisiwani. Katika visiwa vya Fundo na Kisiwa Panza wananchi wamekuwa wakifunga kwa muda maeneo ya kuvulia pweza ili wakue. Pweza aliyekua anahitaji mnunuzi anayejua thamani yake. Mpishi aliyefunzwa ndiye mnunuzi huyo.

MFANO WA JIRANI ZETU

Kenya ilikabiliwa na swali kama hili baada ya uhuru wake, wakati nafasi nyingi za uongozi katika hoteli zikishikwa na wageni. Kwa msaada wa Uswisi, chuo cha Kenya Utalii College kilifunguliwa jijini Nairobi mwaka 1975. La kuigwa zaidi katika chuo hicho ni utaratibu wake: kina hoteli yake inayopokea wageni wanaolipa, na wanafunzi huhudumu humo kama sehemu ya masomo. Kosa linapotokea, mwanafunzi hulijua kwa uso wa mgeni kabla ya kulijua kwa alama za mwalimu. Wahitimu wa chuo hicho wameenea katika hoteli nyingi za Afrika Mashariki.

KHOFU YA WAZAZI

Si haki kuyaeleza mambo haya bila kugusa khofu ya wazazi. Wazazi wengi wa Pemba husita kuwaruhusu watoto wao, na hasa wa kike, kufanya kazi hotelini kwa sababu ya ulevi, mavazi ya wageni na zamu za usiku. Khofu hiyo ina msingi katika dini na malezi yetu, na haifai kudharauliwa.

Yafaa lakini ieleweke kuwa kazi za hoteli ni nyingi na hazifanani. Jiko, uokaji mikate, ufuaji nguo, ghala, hesabu, bustani na matengenezo ni kazi ambazo mfanyakazi anaweza kuzifanya bila kushika kinywaji cha ulevi. Aidha, mtu mwenye ujuzi ana sauti ya kuchagua kuliko asiyekuwa nao. Msichana anayejua kuoka mikate kwa kiwango cha hoteli anaweza kukubali kazi, kuikataa, au kufungua jiko lake mwenyewe Chake Chake na kuiuzia hoteli mikate kutoka huko. Asiyekuwa na ujuzi huchukua alichopewa. Kwa hivyo mafunzo hayamlazimishi mtoto kufanya kazi asiyoiridhia, bali humpa uwezo wa kuikataa.

Mzazi ana haki ya kuuliza kabla ya kuridhia: zamu zinaanza na kumalizika saa ngapi, usafiri wa usiku ni wa nani, malazi ya wasichana yakoje, wakati wa sala upo au haupo, na nani wa kulalamikiwa linapotokea jambo. Mwenye hoteli mwenye nia njema hatachukizwa na maswali hayo.

MWANAGENZI SI KIBARUA WA BURE

Jambo la kutahadharishwa ni matumizi mabaya ya jina la mafunzo. Kijana anayekaa miezi sita akiosha sahani tu, bila mwalimu, bila daftari na bila kupimwa, hajafunzwa kitu. Ametumikishwa. Makubaliano ya mafunzo yanayofaa hayana budi kuwa na mambo yafuatayo:

(a) Mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili, unaotaja muda wa mafunzo, saa za kazi na posho.

(b) Jina la msimamizi atakayewajibika kumfundisha.

(c) Daftari la kazi linaloonesha kila ujuzi alioupata, tarehe na saini ya msimamizi.

(d) Kubadilishwa sehemu za kazi kwa zamu, asibaki sehemu moja muda wote.

(e) Chakula, vifaa vya kujikinga na usafiri wa zamu za usiku.

(f) Kupimwa na kupewa cheti au barua inayoeleza kwa usahihi anachoweza kukifanya.

Masuala ya ajira Zanzibar yanaongozwa na Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005, na mwenye malalamiko anaweza kuyafikisha Kamisheni ya Kazi.

Kwa upande wao, wenye hoteli wanashauriwa kuutumia msimu wa masika, baina ya Machi na Mei, wakati wageni wanapopungua na baadhi ya hoteli za ufukweni hufungwa kwa wiki kadhaa. Huo ndio wakati wa kufunza misingi: kisu, usafi, vipimo na lugha. Wageni wanaporudi kuanzia Juni, wanafunzi huwa tayari kuingia zamu halisi chini ya uangalizi. Kumchukua kijana siku ya kwanza ya msimu na kumlaumu siku ya tatu kwa kutojua kazi si uadilifu.

MAHALI PA KUANZIA

Kijana anayetaka kuingia katika fani hizi anashauriwa kuanza kwa kufika katika vituo vya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali vilivyopo Vitongoji, Wilaya ya Chake Chake, na Daya Mtambwe, Wilaya ya Wete, ili kuulizia fani zinazotolewa, sifa za kujiunga na gharama zake. Kwa masomo ya juu zaidi ya utalii kipo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), ambacho mwaka 2016 kiliunganishwa na kilichokuwa Chuo cha Maendeleo ya Utalii cha Maruhubi, Unguja. Anapouliza, asisahau swali hili moja: katika muda wa masomo, ni wiki ngapi nitakazokuwa kazini, na ni wapi?

Wale waliojifunza kazi bila kupita chuoni, kama vile wapishi wa harusi, mama lishe na waokaji mikate, wasijione kuwa wako nje ya mlango. Tanzania Bara upo, kupitia VETA, utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunza kazini na kumpatia cheti kwa ujuzi anaouonesha kwa mkono wake. Wenye ujuzi wa aina hiyo hapa Pemba wanahimizwa kuuliza juu ya utambuzi wa namna hiyo katika vituo vya mafunzo ya amali, kwani ujuzi usio na ushahidi hulipwa kidogo.

HITIMISHO

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Hoteli inayopendeza kwa mgeni imeundwa na mikono mingi asiyoiona: iliyopasua samaki alfajiri, iliyonyoosha shuka, iliyopima chumvi. Fukwe, miamba na msitu wa Ngezi tumejaaliwa na Mwenyezi Mungu, na wawekezaji watakuja kwa ajili ya hivyo. Lakini nani atakayelipwa kwa ustadi, na nani atakayebaki langoni, ni jambo lililo mikononi mwetu wenyewe. Wazazi wanaombwa kuuliza kabla ya kukataa, vijana kufunzwa kabla ya kuomba kazi, na wenye hoteli kufundisha kabla ya kuagiza watu kutoka nje. Masheha nao wanaombwa kulifikisha suala hili katika mikutano ya shehia zao, ili kila penye hoteli inayojengwa, mafunzo ya vijana wa pale yaanze pamoja na msingi wa jengo.